Mwalimu Zamoyoni Hajastaafu

Siku hizi mwalimu akifa, wakubwa huiacha sauti yake shuleni, ifundishe ndani ya mashine. Mwalimu Zamoyoni aliwaambia mapema mkutanoni, "Mashine inisaidie, isinirithi." Wakamcheka. Alipozikwa, wakamwasha.

Mumewe, Mzee Chiduo, wakamwachia nyumba iliyo kimya. Leo uvumilivu ukamwisha. Akaenda kujibana kwenye dawati la darasa la pili, akanyoosha mkono, maana mashine haimjibu asiyenyoosha.

"Ndiyo, wewe wa nyuma. Jina lako nani?" Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikimwita kula.

"Mama Chausiku, ni mimi. Mumeo."

"Vizuri sana! Haya darasa, mpigieni makofi ya kilo."

Watoto wakapiga kwa nguvu zote. Mzee alikuwa bado ameinua mkono.