Suruali ya Mwalimu

Kidole gumba cha fundi cherehani kilikuwa tayari kutuma ujumbe: "Kwaherini, Wabudha wenzangu. Kukaa kimya dakika kumi nikitafakari kumenishinda."

Kwenye kundi lao la simu, maongezi yaliyoanza na huruma kwa viumbe vyote yalikuwa yamefika kwa mbu.

"Mimi humhurumia akishashiba," aliandika nesi.

"Mwacheni mbu," aliandika mwalimu wao. "Asubuhi kwenye kipindi chetu cha video, nilipoinama, suruali ilipasuka nyuma. Kumbe kamera iko wazi!"

"Tuliona, mwalimu. Tukadhani unatufundisha kutong'ang'ania vitu," alijibu nesi.

Fundi alicheka mpaka pini alizobana midomoni zikamwagika kwenye kitambaa. Akafuta ujumbe wake wote, akaandika:

"Mwalimu, nitumie kipimo cha kiuno. Na usipunguze."