Gari Lililopanda Kinyumenyume

Kwanza zilisikika pumzi nzito, kama za fahali aliyekabwa na kipande cha muwa. Kisha mshindo, kisha mishindo mfululizo. Wanawake waliokuwa wakipalilia wimbi kando ya njia ya Gesima waliinua majembe, na mmoja akasema kwamba kama ni vita vimerudi, basi safari hii vimekuja na mafua.

Lilikuwa gari. Angalau mwenyewe aliliita gari.

Omwenga wa Nyaramba alikuwa ameliunda kwa mikono yake, na hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Injini ilitoka kwenye gari kuukuu lililoota nyasi nyuma ya duka la Osman mjini Kisii. Tangi la petroli lilikuwa debe, na juu ya debe kulikuwa na kasha la sabuni, ambalo ndilo kiti cha dereva. Kasha jingine lilifungwa nyuma kwa kamba, likitazama ulikotoka. Milango, paa na madigadi alivitupa ili apate mbio; bomba la moshi alilikata ili apate sifa. Breki zilikuwepo, zikifanya kazi siku zilipojisikia.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuposa. Nyanchama, binti wa Mzee Mogaka, alikuwa amemwambia waziwazi sokoni Keroka: atume mshenga, tena haraka, kwa sababu kulikuwa na nyumba nyingine zikiuliza. Baba yake alikuwa na desturi asiyoivunja. Mshenga wa kwanza kuketi uani na kula ugali wa wimbi ndiye aliyesikilizwa, na mpaka huyo apewe jibu, hakuna mwingine aliyefungua mdomo.

Omwenga alicheka. Mshenga wa nini? Mtu aliyeunda gari amtume mtembea kwa miguu akamsifie? Injini ingemsemea. Ikishindwa, kulikuwa na mashairi yake, ambayo nayo alijifundisha mwenyewe, na ambayo nayo yalishikiliwa kwa kamba.

Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha njia. Bondeni, kabla ya kilima cha kwa Mogaka, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure, yakimrushia tope shingoni. Gari lilikuwa jepesi mno. Kila kizito alikuwa amekitupa. Ndipo akamwona mama mmoja wa makamo, Nyamusi kwa jina, akipita kando na kikapu kichwani, viatu mkononi.

Alimsihi apande nyuma awe uzito. Nyamusi akauliza kama hicho kitu huuma. Akauliza pia kama kijana ana mke, maana mke mwenye akili asingemruhusu kutoka nyumbani nacho.

"Bado, mama. Leo ndiyo siku yenyewe. Panda tu, nitakushusha nitakaposimama, huko juu kwa Mogaka."

"Hapo patanifaa," alisema Nyamusi, akavaa viatu, akapanda.

Gari lilichomoka topeni kwa mruko, na kwa muda huo mfupi Omwenga akawa mfalme. Usukani ulitetemeka mikononi mwake kama kitu chenye uhai. Kila bolti aliyoikaza mwenyewe ilipiga kelele, na yeye alizijua zote kwa sauti. Upepo ulimjaa mdomoni, lakini haukumzuia kuimba:

Chuma changu mwendo wangu, milima yanipa njia,
Nyote wenye wivu kwangu, vumbi mtajilambia.

Vumbi halikuwepo, ila tope. Nyamusi alisema kwamba shairi ni zuri, lakini humo ndani anamsikia kijana peke yake. Je, huyo msichana, kijana amemsahau nyumbani?

Katikati ya kilima, injini ikakata pumzi. Omwenga aliujua ugonjwa huo. Petroli ilitiririka yenyewe kutoka kwenye debe, na gari likiinua pua juu, injini ilikaa juu ya debe na kufa kwa kiu. Dawa yake aliijua pia, ila alikuwa ameijaribu mahali pasipo na watu.

Aligeuza gari, akatia gia ya nyuma, na kuanza kukipanda kilima matako mbele.

Sasa Nyamusi ndiye aliyetangulia, kikapu mapajani, akitazama mbele kama chifu anayekuja kukagua. Omwenga, shingo imepinda kama ya kuku, hakuona chochote ila mgongo wake. "Kushoto, baba," Nyamusi alimwelekeza. "Kushoto kwako wewe, si kwangu." Watu walitoka majumbani, wakawafuata kwa vicheko hadi uani kwa Mogaka. Huko breki zilikataa; mgomba ukakubali.

Vigelegele vilipanda. Mzee Mogaka mwenyewe alikuja mbio, akaligusa gari kama mtu anayempapasa ng'ombe mgeni. Moyo wa Omwenga ulivimba. Lakini mikono yake ilikuwa nyeusi kwa grisi, na hakuna mkwe anayeanza kwa kumpa mzee mkono kama huo. Akaomba maji, akainama kunawa, akisugua kidole kimoja kimoja huku akichagua ubeti wa kuanzia.

Alipoinuka na kukohoa kidogo ili aanze, Nyamusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, akimeza tonge la ugali wa wimbi.

"Mzee Mogaka," alisema Nyamusi, "nimetumwa na nyumba ya Ombati wa Birongo. Wanamwomba Nyanchama kwa ajili ya kijana wao Angwenyi. Na usidhani ni watu wa mchezo, tazama walivyonileta."

Mogaka alilizunguka gari lote, akakiri kwamba hajapata kuona mshenga aliyeheshimiwa namna hiyo. Kisha akamgeukia dereva na kumuuliza kama, mambo yakienda vizuri, atamleta na bwana harusi. Nyanchama alisimama mlangoni pa jikoni, leso mdomoni. Ua mzima ulikuwa unalitazama gari, na hakuna kitu cha Omwenga kilichowahi kutazamwa hivyo.

"Nitamleta, mzee," alisema Omwenga. "Na siku hiyo tutaingia kwa mbele."