Riwaya ya Jalada la Kijani

"Na wewe nawe, huchoki," alinung'unika mzee wa duka, akikirudisha kile kitabu chembamba nyuma ya rafu.

Hapakuwa na mtu wa kuambiwa hivyo. Mteja wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Alikuwa mama mmoja ambaye wenzake wa kikundi cha kusoma walimwita Mchimbaji, kwa jinsi alivyofukua riwaya ambazo waandishi wamejichapishia wenyewe, zile zisizo na mtu wa kuzipigia debe. Akisema hiki kisomwe, wote walinunua, nao wakawaambia wengine.

Duka hili alilipenda kwa sababu mzee alikuwa na rafu nzima ya vitabu vya namna hiyo, na alikuwa amevisoma vyote. Angekusimulia mwanzo wa riwaya mpaka uone aibu kuondoka mikono mitupu. Isipokuwa kile chembamba, chenye jalada la kijani. Hicho alikificha.

Na kila asubuhi kilikuwa juu ya meza ya mbele, kimesimamishwa, kinamtazama anayeingia.

Hilo halikumshangaza Mchimbaji. Waandishi wasio na jina aliwajua: huingia dukani wakinyata kama wezi, wakasogeza kitabu chao mbele, wakaenda zao. Aliyemuudhi ni mzee. Jana yake alikuwa amesoma kurasa chache akiwa wima, mwili ukamsisimka, na mzee akamtoa kitabu mkononi taratibu na kumpa kingine. Mtu ameandika kitu kama kile, halafu anabaniwa na muuza vitabu! Roho ilimuuma usiku kucha.

Jioni hiyo kikundi kilikuwa kinachagua kitabu cha mwezi. Alikuwa amekuja kukichukua.

"Shikamoo, baba. Mwandishi wa kile cha kijani huwa anakuja saa ngapi? Nataka kuonana naye."

"Marahaba. Huja kabla sijafungua."

"Kwani umempa ufunguo?"

Mzee alicheka kidogo, akapangusa kaunta iliyokuwa safi tayari. Alisema huyo ana kichwa kigumu tangu utotoni, ukimwambia kaa huku yeye anakaa kule. Kando yake palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kimenywewa chote. Cha pili kilikuwa kimejaa mpaka juu, na chai yake ilikwisha kupoa.

Mchimbaji alizunguka rafu, akaingiza mkono nyuma na kukitoa kitabu mwenyewe. Jalada lilikuwa na unyevu kidogo, kama lililoachwa na kiganja cha mtu sasa hivi. Alikikumbatia kifuani.

"Leo sitoki bila hiki, baba," alisema. "Niuzie, na mwezi huu watu watamjua. Mtoto wa watu amehangaika kuandika. Kwa nini unambania?"

Mzee hakukasirika. Alinyoosha mkono kukiomba.

"Nakala nyingine zote tuliwagawia watu siku ya mazishi yake," alisema. "Imebaki hiyo tu. Ukiondoka nayo, mwanangu atarudi hapa kufuata nini?"