Tumeiga Mpaka Mkwaruzo

Pampu ya tatu nayo ikavuja, palepale zilipovuja mbili za kwanza.

Mashine ya kusafisha damu ya hospitali yetu ya Tabriz ilikuwa imekufa pampu. Ulaya wamegoma kutuuzia nyingine kwa sababu ya vikwazo ilivyowekewa nchi yetu, kwa hiyo tukawa tunaiga ile mbovu hapa karakana. Mama yangu, mgonjwa wa figo, alikuwa anaisubiri, mwili umemvimba.

Golnar, mhandisi wetu, akaichukua ile ya zamani, akapitisha ukucha ndani ya kifuniko. Ukucha ukakwama.

"Kaka, hebu shika hapa."

Nikashika. Mkwaruzo, mwembamba kama unywele. Nikashika na yetu mpya. Mkwaruzo uleule!

"Hiki kidonda ndicho kilichoiua, na sisi tumekiiga!" Golnar akacheka mpaka kipande cha sukari alichokibana kwa meno akinywea chai kikamtoka mdomoni, kikatumbukia kikombeni.

"Acha masihara. Kama waliuweka makusudi je?"

"Kwako kila cha Ulaya ni msahafu? Ufute!"

"Tukiharibu, chuma kingine hatuna. Mama yangu huyo, dada."

"Ndiyo maana msasa nakupa wewe."

Nikachukua msasa. Nikasugua kifuniko cha pampu yetu mpya mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Tukafunga, tukajaza maji, tukawasha. Nikatandaza karatasi chini yake, tukachuchumaa wote wawili kuitazama.

Chai ikapoa. Karatasi bado kavu.

Nikapiga simu nyumbani.

"Mama," nikasema, "koti lako liko wapi? Nakuja kukuchukua."