Mtihani wa Kigoma

Guy, kijana wa jirani, alikuwa wa tisa kupotea. Jumapili aliimba kanisani. Jumatatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Watu wa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, walinong'ona kwamba wapiganaji wanakamata vijana waliosoma na kuwapeleka porini. Adolphine alikwenda kumpa pole mama yake Guy. Alimkuta anatwanga sombe, majani ya mihogo, macho makavu.

"Rudia kwenu, mutoto wangu," mama yule alisema. "Na usiulize-ulize."

Ilikuwa Disemba 1998. Adolphine, mwalimu wa kemia wa miaka ishirini na minne, alikuwa na barua mbili mezani. Zote zilimwita kwenye mtihani wa kuingia masomo ya juu, na zote siku moja. Ule wa Bukavu aliuomba mwenyewe: kemia, kwa Kifaransa, na alikuwa ameungoja miaka miwili. Ule wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, aliombewa na baba yake, Raphaël, katibu aliyekuwa akichapa barua zote za shule.

"Mi sijue Kingereza, papa. Nitaandika nini kule?"

"Andika jina lako. Mengine utajibu tu."

"Bukavu ndiko naweza kufaulu."

"Na Bukavu utapita wapi? Mboko? Makobola? Njia yote iko na wapiganaji." Aliisukuma barua ya Kigoma mbele yake. "Chagua Kigoma. Nakuomba."

Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimwomba kitu.

Kesho yake mchana milio ya bunduki ilisikika kutoka upande wa Mboko. Walimu wenzake wawili hawakufika kazini, na hakuna aliyethubutu kuwataja. Adolphine alirudi nyumbani mbio, akaichana barua ya Bukavu.

Siku ya safari, ufukweni, wapiganaji wawili walikuwa wanaamua nani apande mtumbwi wa motere, ule wenye injini. Wazee walipita. Vijana walirudishwa. Mmoja wa wale wapiganaji alimkamata Adolphine mkono.

"We unakimbia?"

"Hapana, chef, mkubwa wangu. Naenda kufanya examen."

Aliitoa barua. Mpiganaji aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akaukazia macho muhuri. Akauinua kwenye jua.

"Utarudia siku gani?"

Raphaël, aliyesimama nyuma yake na mfuko wa nguo, ndiye aliyejibu.

"Ni siku tatu tu, chef. Mi nabaki hapa. Asiporudia, nyumba yangu munaijua."

Mpiganaji alimtazama baba, akamtazama binti. Akamwachia mkono.

Mtumbwi ulipoondoka, Raphaël alikuwa bado amesimama katikati ya wale wawili. Alipunga mkono mara moja tu.

Njia nzima Adolphine alirudiarudia maneno machache ya Kiingereza aliyoyajua, na kila alipofika mwisho aliona hayatoshi. Angeanguka mtihani. Angerudi mikono mitupu, na Bukavu ameshaipoteza. Kila sauti ya motere nyingine majini ilimfanya ainamishe kichwa.

Anwani iliyoandikwa kwenye barua ilimfikisha kwenye nyumba ya masista, kando ya mji wa Kigoma. Aligonga geti. Sista mmoja mzee alifungua.

"Shikamoo, sista. Nimekuja kwa mtihani. Nimechelewa?"

Sista aliichukua barua, akasoma jina, akashusha pumzi ndefu. Akafungua geti lote.

Uani, Guy alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo. Nyuma yake, wale walimu wawili walikuwa wanaanika nguo.

"Hapa hakuna mtihani, binti," sista alisema. "Barua hii aliichapa baba yako mwenyewe, kama za hawa wote. Alituandikia kwamba mtoto wake atamtuma wa mwisho, watoto wa wenzake wote wakishavuka."