Mkwaruzo wa Chui

Upinde ulipolia kwaa, Metrine na Protus walitazamana, kisha wakageukia mlango wa chumba cha madam. Haukufunguka. Madam alikuwa bado amelala usingizi wa mchana.

"Sema si sisi," Metrine akanong'ona.

"Ni sisi," akasema Protus, dereva wa nyumba. "Tena wewe ndiye ulikuwa umeshika."

Walikuwa na nia njema. Kwenye ukuta wa sebule ya wageni, katika nyumba hiyo ya Riyadh, zilitundikwa pinde tatu za zamani za Mzee Daham, yule mwindaji maarufu ambaye picha zake zilijaa kwenye kalenda za miaka ile. Baba, mwenye nyumba, alizinunua kwa mzee mwenyewe. Wa katikati ndio alioupenda kuliko watoto wake, Protus alisema, maana watoto hakuwa akiwaonyesha wageni. Karibu na mpini wake kulikuwa na mkwaruzo, na hakuna mgeni aliyeondoka kabla ya kuonyeshwa mahali chui alipopitisha kucha kabla ya kuanguka.

Alasiri hiyo Mzee Daham alikuwa anakuja kutoka Jeddah kuziona pinde zake kwa mara ya kwanza tangu aziuze. Baba alikuwa ameahidi kwamba ziara ikienda vizuri, wiki ijayo nyumba nzima itakwenda Jeddah, hata Metrine. Na Jeddah ndiko alikokuwa Rael, dada yake, mfanyakazi wa nyumba moja ya Al-Hamra. Walishuka ndege moja, wakaachanishwa pale pale uwanjani, na tangu hapo walionana kwenye simu tu. Rael alikuwa ameshapanga kila kitu: sambusa, kutembea ufuoni, na kulia kidogo.

"Wewe usiguse tu hizo mbao," Rael alimwambia asubuhi kwenye simu. "Hata hapa kwetu kuna upinde mmoja, na mimi vumbi lake nalipuliza kwa mdomo."

Metrine aligusa. Pinde zilikaa ukutani bila kamba, naye aliona si heshima mwindaji akute silaha yake imevuliwa nguo. Protus akasema hilo ni jambo dogo, utotoni kwao Bungoma alitengeneza pinde nyingi za fito. Unatafuta upande ambao fito imeinamia yenyewe, unaufuata, unafunga kamba. Basi wakautoa wa katikati, wakaufuata upande wake. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba upinde wa aina hii hukunjwa kinyume na unavyoinama.

Muda si mrefu walikuwa kwenye gari, wakielekea kwa fundi huko Al-Sulay. Kama wangeulizwa, walikuwa wamefuata majani ya mnanaa. Upinde ulilala kiti cha nyuma umefunikwa shuka kama mgonjwa. Metrine alikuwa akicheka mpaka machozi. Ndivyo alivyokuwa, akiogopa sana hucheka. Protus alimwomba anyamaze, kisha naye akashindwa kujizuia.

Fundi Elkanah, Mkenya mwenzao, alikuwa peke yake katika karakana ya samani, kikombe cha chai mkononi. Alifunua shuka akatazama vipande. Hakuuliza vimevunjikaje.

"Huu ni wa Riyadh ama wa Jeddah?"

"Wa Riyadh," Metrine akasema. "Na mwenyewe anafika alasiri."

"Mwenyewe nani?"

"Mzee Daham."

Chai ilimpalia Elkanah. Alikohoa, akajifuta ndevu, akaingia chumba cha nyuma na kurudi na upinde mzima. Alisema ulibaki kwenye kazi nyingine, unataka vanishi tu. Akaupaka, akasugua mpini kwa majani ya chai, akachukua msumari na kuchora mkwaruzo wa chui. Kisha akampa Metrine.

"Ushike dirishani njiani ukauke, dada. Na usiwe na wasiwasi sana. Huyo mzee ana roho nzuri."

Metrine aliushika dirishani hadi nyumbani, na madereva wengine wakawapisha. Alimalizia kwa mashine ya madam ya kukaushia nywele. Alipoutundika ulikuwa bado unanata kidogo.

Mzee Daham aliingia akiegemea fimbo, mrefu, ndevu nyeupe pe. Baba aliutoa upinde wa katikati akampa kwa mikono miwili. Metrine alisimama kando na birika la gahwa, ile kahawa ya Kiarabu.

Mzee alipitisha kidole kwenye mkwaruzo. Kidole kikanata. Akaupeleka upinde puani, akavuta pumzi, akafumba macho. Moyoni Metrine alianza kumuaga Rael.

Mzee alipofumbua macho yalikuwa na machozi.

"Ndio huu," akasema. "Yule chui sitamsahau mpaka kaburini."

Akamkumbatia baba. Baba naye akalia, akatangaza kuwa halas, yamekwisha, wiki ijayo wote Jeddah. Metrine alirudi jikoni akacheza bila muziki, upawa mkononi, mpaka madam akaja kuuliza gahwa imefika wapi.

Jua lilipozama Protus alimchukua mzee kumpeleka uwanja wa ndege. Haikupita saa, simu ya Metrine ikaita. Ilikuwa ya video. Protus alikuwa akicheka kiasi kwamba sura yake ilikuwa ikitoka na kurudi kwenye kioo.

"Metrine, mzee anauliza kwa nini hukuuanika juani kwanza. Mpaka sasa vidole vyake vinanata."

"Kwani mko wapi?"

Protus akageuza simu. Mzee Daham alikuwa ameketi juu ya kopo la vanishi katika karakana ya Elkanah, kikombe cha chai miguuni, msumari mkononi. Elkanah alimpokeza upinde mpya, mzee akauchora karibu na mpini, akaupuliza vumbi na kuulaza kwenye buti la gari, juu ya pinde nyingine.

"Huu wa Jeddah," alikuwa akisema. "Na huu. Na huu."