Kilichojaza Kumbukumbu

"Kwenye ripoti yako andika umeme ulikatika," Magige alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nakuomba, dada Hasna. Na kama hiyo haitoshi, andika ni mimi."

Hasna hakugeuka. "Ni wewe?"

Magige alitazama sakafu. "Wewe andika tu."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nyavu, pale Mwigobero, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa. Humo ndimo ilimokaa mashine ya tahadhari: ilipokea taarifa za hali ya hewa, na upepo mbaya ukikaribia iliwatumia wavuvi meseji kwamba warudi nchi kavu. Magige, fundi kutoka Butiama, ndiye aliyeitunza.

Asubuhi ile upepo ulipokuja, mashine ilikuwa imekufa. Hakuna simu iliyolia. Mtumbwi wa Mzee Abdulnasir wa Makoko ulipinduka, na mwanawe Khalidi akafa maji. Khalidi hakuwa hata mvuvi. Alikuwa akifanya kazi na Magige hapohapo ofisini. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni, baba yake amelala na malaria, naye akaenda kumtolea nyavu ziwani. Mwili ulipatikana upande wa Suguti.

Mwalo mzima ulimnyooshea Magige kidole. Walisema aliizima mashine kwa uzembe, wengine wakasema ulevi. Yeye hakukana. Ndipo mradi wenye mashine ukamwita Hasna kutoka Bunda, mtaalamu wa kompyuta asiyemjua mtu yeyote pale, aje aseme kilichotokea.

Mashine ilikuwa imeacha ushahidi. Kabla ya kuzimika, ilinakili yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake na kuyaweka kwenye diski. Shida ni kwamba hayakusomeka. Mfumo wa kuiendesha mashine ulikuwa umebadilishwa karibuni, na kiini cha mfumo huo mpya, sehemu inayotawala mengine yote, hakikumwonyesha mtu wa nje jinsi kinavyogawa kumbukumbu: kipande kipi ni cha programu ipi, kipi kimeshikwa, kipi kiko huru. Kila Hasna alipofungua nakala ile kwa programu yake ya uchunguzi, alipata takataka tupu. Ilikuwa kama kuingia nyumba ya marehemu ukakuta vyumba vyote vimechanganywa.

Mzee Abdulnasir alikuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri. Aliketi kwenye benchi karibu na dirisha, kofia mkononi, akitazama kioo cha laptopu asichokielewa.

"Imesema?" aliuliza.

"Bado, baba."

"Mimi sitaki maneno mengi, mwanangu. Nataka jina." Kisha, bila kumtazama Magige: "Huyu alikuwaga anakula kwangu. Sahani moja na Khalidi."

Magige alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Hasna alimwona kupitia mlango, mabega yakimtikisika, na moyoni akamhukumu. Mtu asiye na kosa angepiga kelele.

Akaendelea na kazi. Alijenga upya kiini kilekile kwenye laptopu yake, akaongeza mistari michache ya kukilazimisha kiseme kilichokuwa kikificha: vipande vya kumbukumbu vinaanzia wapi, vimepangwa vipi, kila kimoja ni cha nani. Jibu hilo akaipa programu ya uchunguzi, kama mtu anayempa mgeni ramani ya nyumba. Ilikataa. Akarekebisha. Ikakataa tena.

Siku iliyokubali, Mzee Abdulnasir alikuwa hajaketi bado.

Hasna alisoma polepole, na uso wake ukabadilika. "Haikuzimwa," alisema. "Asubuhi ile hakuna aliyegusa kitu. Na umeme ulikuwepo."

Mzee alisogea. Magige aliingia, akasimama nyuma yao.

"Ilijaa," Hasna alisema. "Kumbukumbu yote ilijaa, ikakosa pa kupumulia, ikafa kabla meseji hata moja haijatoka. Kuna programu haikuwa ya mradi. Mtu aliiweka humo kinyemela, ikawa inanakili kitu kimoja. Ikimaliza inanakili tena, na haiachii nafasi."

"Ya nani?"

"Haina jina la mtu."

"Wewe Magige ndiye mwenye ufunguo wa hapa," mzee alisema. "Ni wewe na mwanangu tu mliokuwa mnaigusa hiyo mashine. Mwanangu nimemzika. Amebaki nani?"

"Ni mimi, mzee," Magige alisema haraka. "Niliiweka mimi. Nipeleke polisi, sitabisha. Dada Hasna, funga hiyo laptopu."

Hasna alimgeukia. Mtu huyu alikuwa amekiri, lakini macho yake hayakuwa kwa mzee wala kwake. Yalikuwa kwenye laptopu, yamejaa hofu, kama mtu anayeona mtoto akisogelea moto.

"Ni sauti," Hasna alisema. "Kilichokuwa kinanakiliwa ni sauti iliyorekodiwa. Naweza kuitoa nakala moja tukaisikiliza."

"Mzee, twende nje," Magige alisema. Alimshika mkono. "Tafadhali. Twende nikueleze njiani."

Abdulnasir alijinasua. "Miguu yangu haitoki hapa. Nimezika mtoto, nashindwaje kusikia sauti? Iweke, binti."

Hasna akabonyeza.

Kulikuwa na mkwaruzo, halafu mtu akakohoa kidogo kama anayejiandaa kusoma mbele ya watu. Sauti ikajaza chumba, changa, yenye kicheko ndani yake:

"Baba, ni mimi Khalidi. Najua meseji huzisomagi, ndiyo maana nimekutengenezea hii itakayokupigia simu, ya kwako peke yako. Upepo unakuja. Usiingie ziwani."